Miguu Minne Chini ya Gari

Wewe unayesikiliza, umewahi kuionea wivu miguu? Si miguu ya mrembo anayepita barabarani, hapana. Miguu minne inayotokeza chini ya gari, miwili imevaa kandambili na miwili imevaa viatu vya plastiki vya bluu, imelala sambamba kama ya bwana na bibi kitandani, na vidole vinachezacheza kwa sababu huko chini kuna mtu amesema jambo la kuchekesha.

Henriette aliiona miguu hiyo kila asubuhi kwa muda wa wiki tano, akiwa amesimama kwenye mlango wa jiko lake pale Majengo, upande wa juu wa Goma, mwiko mkononi. Kandambili zilikuwa za Sikuli, mume wake wa miaka kumi na tisa. Viatu vya bluu vilikuwa vya Valérie, mjane jirani.

Gari lenyewe lilikuwa pick-up, lakini si zile ndogo za kubebea mikate. Lilikuwa la zile kubwa za Amerika, kabine moja yenye kiti kirefu cha watu watatu, na nyuma pana hata ungeweza kulaza vitanda viwili na mtu akapita katikati. Shirika moja la wazungu lilipofunga ofisi liliuza vitu vyake, na pick-up hiyo ilikuwa ya mwisho kununuliwa, imekaa juu ya mawe, ndege wametaga chini ya kapo, kile kifuniko cha injini. Sikuli alikuwa mchuuzi wa maharagwe. Tangu ujana wake alipakia magunia katika malori ya wengine, akipanda barabara ya kaskazini mpaka Kalengera na mbele yake, akirudi amelala juu ya mizigo, mvua inamnyeshea yeye na viazi vyake pamoja. Siku moja alisema kwamba amekuwa mzigo wa watu vya kutosha. Akalivuta lile gari kwa kamba mpaka kwake, akabomoa upande mmoja wa ua wa mbao ili lipite, na tangu siku ile ua wa Henriette haukuwa ua tena. Ulikuwa garaji.

Gari la ofisi limezoea kubeba watu watatu na makaratasi. La maharagwe linataka mgongo. Kwa hiyo ni lazima livalishwe, ndivyo wanavyosema wenye kazi hiyo, na kulivalisha gari ni kazi ndefu kuliko kumvalisha bibi harusi. Sikuli alipandisha mbavu za nyuma kwa mbao ngumu za Walikale mpaka zikamfika kifuani. Akaunganisha vyuma vya mviringo juu yake ili turubai lipate kukaa. Bomba la kuvutia hewa akalipandisha nje, pembeni mwa kioo, mpaka juu ya paa, ili gari lisinywe maji likivuka mto. Na kila kilichokosekana kilitafutwa ndani ya nyumba kwanza. Godoro la kitanda cha wageni lilikatwa likawa kiti cha kabine. Mabati mawili ya jiko yalishuka yakawa sakafu ya nyuma, na pale yalipotoka Henriette aliweka karai kupokea mvua. Pazia jekundu la sebuleni, lile alilotoka nalo Butembo, aliliona siku moja limezungushwa kwenye dari ya kabine, limepigiliwa vizuri, limependeza kuliko lilivyopendeza dirishani.

Aliuliza tu kama watakula sasa au baadaye.

Wivu wa mtu anayenyamaza ni kama makaa mabichi. Hayawaki, yanafuka tu, na anayetoka machozi ni mwenye jiko.

Kama ingekuwa gari peke yake angezoea. Lakini Sikuli alikuwa mjuzi wa maharagwe, hakuwa mjuzi wa malame. Malame ni zile bamba ndefu za chuma zilizopindwa kama upinde, zinazopangwa moja juu ya nyingine chini ya gari kubeba uzito. Pick-up ile ilikuwa na tano kila upande; Sikuli alitaka nane. Fundi mmoja wa sokoni Birere alikuja, akatazama, akasema haiwezekani, akanywa chai na kwenda. Ndipo mtu akamwambia Sikuli kwamba fundi yuko nyumba ya tatu kutoka kwake, na ni mwanamke.

Valérie alikuwa mtu wa milima ya Masisi, ameteremka Goma katika vita ya kwanza, akarudi, akateremka tena katika ya pili, na mara hii hakurudi. Marehemu mume wake Barthélemy alikuwa na lori la kubeba mbao. Barthélemy yule hakutaka kondakta. Alimtaka mke wake. Kwa miaka kumi na miwili walipanda pamoja kabine, wakalala pamoja kabine, na lori lilipovunjika waliingia chini yake pamoja. Alipokufa alimwachia Valérie mtoto mmoja, Gradi, ambaye sasa ana mke wake huko Sake, na sanduku la chuma lililojaa vyombo. Valérie alilifungua sanduku lile uani kwa Henriette, akatandika gunia chini, akapanga klé zake, zile spana za kufungulia, kwa urefu kama mtu anayepanga sahani za sikukuu, akavua kitenge cha juu, akaingia chini ya gari.

Desturi ni desturi. Ukileta fundi nyumbani, anakula kwako, na chakula chake kinaletwa na mama wa nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Basi kila saa sita Henriette alipiga goti na beseni, akamwagia Valérie maji mikononi, na maji yaliteremka meusi, yananuka mafuta ya gari. Alimwekea bugali, sombe ya majani ya mihogo na samaki wa ziwani, sambaza. Na alimwona Sikuli akichagua samaki mkubwa na kumsogezea fundi wake, jambo ambalo kila mwanaume angelifanya kwa fundi yeyote, lakini wewe jaribu kulitazama hilo siku thelathini mfululizo.

Mbaya zaidi ilikuwa hadithi. Wakati wa kula Valérie aliongea juu ya barabara. Alieleza kilima fulani ambapo asubuhi mawingu yanakaa chini yako na wewe unaendesha juu ya mawingu. Alieleza Kalengera, wasichana wanaokimbilia dirishani na ndizi za kuchoma, na mama mmoja mnene ambaye ukimwamkia kwa Kinande anakuongezea ya bure. Sikuli alikuwa akipiga paja na kusema kweli, yule mama yuko, bado yuko. Wawili wale walicheka juu ya mtu ambaye Henriette hajapata kumwona.

Maana Henriette alikuwa amepita barabara ile mara moja tu maishani mwake. Ilikuwa siku alipoletwa kutoka Butembo kuja kuolewa. Alipandishwa nyuma ya lori chini ya turubai, kati ya magunia ya vitunguu, na turubai likafungwa kwa kamba kwa sababu ya vumbi. Barabara nzima aliijua kwa matako na kwa pua. Tangu hapo mume wake alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na yeye alikuwa mtu wa kufungua lango. Kitu alichokitaka kilikuwa kidogo hata aliona haya kukitaja: alitaka kukaa mbele, upande wa kioo, karibu na mume wake, waende mchana mpaka Kalengera, na yeye aone. Tangu siku gari lile lilipovutwa uani alikuwa amekaa tayari ndani ya moyo wake pale mbele. Alikuwa ameshachagua hata kitenge. Lakini kwao Butembo alifunzwa kwamba mwanamke haombi kiti ndani ya nyumba yake. Kiti chake kinajulikana. Basi alingoja kiti kijulikane.

Kule Birere, ambako aliuza maharagwe ya mume wake kwa vipimo, kulikuwa na Sylvie, muuza makaa wa meza ya pembeni. Ulimi wa Sylvie haukuwa na mlango.

"Mama Benny," alimwambia siku moja mbele ya wateja, kwa sababu Benny ndiye mtoto wa kwanza wa Henriette, yule anayesoma Butembo, "nasikia kwako wanamuke ni batatu sasa. Kuko gari, kuko fundi, na kuko weye."

Henriette aliendelea kupima.

"Na nimehesabia kufwatana na heshima," Sylvie aliongeza.

Sasa sikiliza jambo lililoharibu. Katika kikundi cha wachuuzi wenzake Sikuli, gari linapovalishwa upya hupelekwa mbele ya kanisa Jumapili, padri analinyunyizia maji, na linapewa mama. Mama wa gari ni mwanamke anayeshika kitambaa cheupe wakati wa baraka, kisha safari ya kwanza anakaa mbele, yeye na dereva. Wanasema gari lisilo na mama linakwama njiani kama mtoto asiye na wa kumwita. Kwa wengi mama wa gari ni mke, au ni mama mzazi, au shangazi aliyechangia. Baraka ya gari la Sikuli ilipangwa kuwa Jumapili ya tatu ya Novemba, mwaka ule wa 2012.

Jumatano kabla ya hapo, wakila, Sikuli alifuta mdomo na kusema kwa sauti ya mtu aliyepata wazo zuri, "Mama Gradi njo atakuwa mama wa gari. Atakaa mbele asikilize malame mpaka Kalengera. Kama iko kitu inalia, yeye atajua."

Valérie aliinua kichwa, akamtazama Henriette kwanza, halafu akasema taratibu kwamba jambo kama hilo ni la mama wa nyumba. Sikuli akasema Mama Benny hana shida, sivyo, Mama Benny?

"Ni vizuri," alisema Henriette. Akauliza kama kuna anayetaka sombe zaidi.

Alhamisi upande wa kushoto wa malame ulikuwa umekwisha, umekaa imara. Upande wa kulia ulikuwa wazi: gurudumu la nyuma limetolewa, gari limeinuliwa juu ya mawe ya volkano, zile bamba nane zimepangwa juu ya gunia, tayari. Kinachozishika bamba nane zikawa kitu kimoja ni buloni moja, yaani bolti, inayopita katikati ya zote, ndefu kama kiganja pamoja na vidole. Kwa bamba tano buloni za dukani zinatosha. Kwa nane hazitoshi. Valérie alikuwa nazo mbili tu, za lori la Barthélemy, alizozitunza katika sanduku miaka yote ndani ya soksi. Moja ilikuwa imeingia kushoto. Ya pili ilikuwa juu ya jiwe, imepakwa grisi, inangoja.

Saa tisa Sikuli na Valérie walikwenda kuazima kriki ya pili ya kuinulia gari kwa jirani. Henriette alitoka na karai la maji machafu. Alipita karibu na jiwe. Hakukimbia, hakutazama huku na huku. Aliichukua buloni kama vile mtu anavyookota kijiko kilichoanguka, akaingia nayo jikoni, akafungua bidoni la mawese, lile dumu lenye mdomo mpana, akaizamisha. Alichagua mawese kwa sababu aliogopa isije ikashika kutu. Hata katika uovu alikuwa mtu wa kutunza vyombo. Moyoni aliwaza kwamba Jumapili itapita bila baraka, na Jumapili ikipita Valérie atakwenda Sake, kwa maana mtoto wa Gradi alikuwa abatizwe wiki inayofuata, na safari ya kwanza itamkuta hayupo. Halafu buloni ingeonekana. Vitu huonekana.

Hakuwaza juu ya kitu kingine. Na kitu kingine ndicho kilichotokea.

Walitafuta jioni nzima. Walipepeta mavumbi kwa ungo wa Henriette mwenyewe, naye akiwashikia ungo. Ijumaa asubuhi Sikuli alikuwa amelala vibaya, na mtu aliyelala vibaya mdomo wake unaamka kabla yake. Alimwuliza Valérie kama hakuna mwenye lori aliyemwendea kuinunua. Valérie akauliza kwa nini mwenye lori amwendee. Sikuli akasema buloni kama ile inatafutwa, na watu wanajua nani anayo, na mjane ana shida zake, hamlaumu, aseme tu. Valérie alikuwa amechuchumaa. Alisimama polepole, akajifunga kitenge chake cha juu.

"Mutu anaiba kitu yake mwenyewe, Papa Benny?"

Sikuli alipandisha sauti. Alisema mengi, mengine juu ya watu wa Masisi kwa jumla, maneno ambayo mtu anayasema katika miaka ya vita na baadaye anatamani kuyameza. Valérie alikusanya klé zake moja moja, kutoka ndogo mpaka kubwa, akazifunga katika gunia lake. Mlangoni pa jiko alisimama akamshukuru Henriette kwa chakula cha wiki tano. Akaenda.

Asubuhi ya Jumamosi kulikuwa na miguu miwili tu chini ya gari. Kandambili peke yake, na vidole havichezi. Henriette aliitazama, akangoja furaha ije. Alikuwa ameshinda, sivyo? Alipika bugali ya watu wawili, ikabaki. Sikuli alishinda Birere akitafuta buloni, akarudi na mfuko wa fupi, nyembamba, zenye meno mabovu. Na Sylvie, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, alisema pale sokoni kwamba sasa Mama Benny amepanda daraja, amekuwa wa pili. Henriette alicheka na wengine.

Jumapili hakukuwa na baraka ya gari lolote. Vita ya waasi, iliyokuwa huko kaskazini, ilikuwa imeshuka. Tangu alfajiri mizinga ilisikika upande wa Kibati, dum, dum, kama mtu anayetwanga katika kinu kisicho na kitu, na kufika saa tatu barabara kuu ilijaa. Wakimbizi waliokuwa kambini huko juu waliteremka wote kwa pamoja: magodoro kichwani, sufuria mgongoni, mbuzi kwa kamba, mzee amebebwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumwa, amekumbatia redio. Kisha wenyeji wa Majengo nao walianza kufunga milango. Wote walielekea magharibi, Ndosho, Mugunga, Lac Vert, njia ya Sake. Jirani mmoja, Munyaneza, aliingia uani kwa Sikuli na mke wake mjamzito, akasimama tu akilitazama gari. Halafu familia nyingine. Halafu nyingine. Hakuna aliyeomba. Walitazama mbavu za mbao, turubai, nafasi ile pana, na gurudumu lililokosekana.

Sikuli alikuwa chini ya gari na waya. Alitaka kuzifunga zile bamba kwa waya wa chuma. Henriette hakuwa fundi, lakini amefunga magunia maisha yake yote, na alijua waya ule hautazuia bamba zinazotaka kuteleza. Alimwona mume wake anavuta waya kwa meno. Akamsikia akisema peke yake, huko chini, bila kujua kuna anayesikia, kwamba laiti Mama Gradi angekuwepo.

Henriette aliingia jikoni. Alizamisha mkono katika bidoni mpaka kwenye kiwiko, akautoa mwekundu. Hakuufuta. Alitoka nao hivyo barabarani, akapita katikati ya watu wanaokimbia, na watu waliuona mkono ule wakampisha, wakidhani ni damu.

Valérie alikuwa uani kwake akimfunga mama yake mzee, Bibi Louise, juu ya chukudu kwa kitambaa, kwa sababu bibi yule hakuweza kutembea tena. Sanduku la vyombo lilikuwa chini. Chukudu lilikuwa moja, na Valérie alikuwa ameshachagua. Henriette alinyoosha mkono na kuufungua.

"Ni miye," alisema. "Hakuna mwingine. Ni miye niliichukua."

Valérie aliitazama buloni, akaishika kwa ncha za vidole, akainusa.

"Umeiweka mu mawese."

"Isishike kutu."

Nyuma yao kinu kile cha mizinga kilikuwa kikitwanga. Valérie aliifungia buloni katika ncha ya kitenge chake. "Nimeibiwa na wengi katika hii vita," alisema. "Weye ni wa kwanza mwenye kutunza." Akamwambia asimame upande ule, ashike mpini, walisukume lile chukudu pamoja, na sanduku liwekwe mapajani mwa bibi.

Walipofika, Sikuli alitoa kichwa chini ya gari. Valérie alisema neno moja tu, kwamba buloni imeonekana. Sikuli alimtazama, akatazama chini, akajisogeza kumpa nafasi. Lakini kazi ilihitaji mikono zaidi: mmoja wa kubana bamba, mmoja wa kuzuia chini, mmoja wa kukaza. Valérie alimwita Henriette bila kugeuka, kama unavyomwita mtu mliyezoeana. Basi naye akalala chali juu ya mavumbi na kitenge chake cha Jumapili, akashika pale alipoonyeshwa. Munyaneza na wale wengine waliokuwa wakingoja uani waliona miguu sita. Chini mle kulikuwa na giza kidogo na harufu ya grisi na mawese, na Henriette alishangaa kwamba hakuna siri yoyote mle, ni watu kuumia vidole tu na kukatazana kupumua. Buloni ilipita katika bamba ya kwanza, ya pili, ikagoma katika ya sita, Valérie akaipiga mara tatu kwa nyundo, ikapita. Hata saa sita haijafika, gurudumu lilikuwa mahali pake.

Kabine ilimbeba Sikuli, Bibi Louise katikati kwa sababu hangeweza kukaa nyuma, na kwenye kioo Valérie, asikilize malame. Hilo halikujadiliwa. Henriette alipanda nyuma na watu zaidi ya thelathini, magodoro yao, kuku wao, mtoto wa mtu mwingine magotini mwake, na turubai juu kwa sababu mvua ilianza. Gari lilitoka kupitia pale ua ulipobomolewa. Lilishuka kwenye barabara ya mawe, likanesa mara moja, likasimama juu ya mgongo wake mpya, likaenda. Mke wa Munyaneza alilia. Henriette alihesabu mashimo kwa matako kama zamani.

Walikwenda kwa mwendo wa watu wa miguu, kwa sababu barabara yote ilikuwa watu. Ilikuwa karibu saa kumi walipofika Lac Vert, injini ikachemka, Sikuli akaliweka gari pembeni. Watu walishuka kujinyoosha na kutafuta maji. Sikuli aliinama, akapapasa malame ya kulia, ya kushoto, akainuka akiwa na uso wa mtu aliyepata mtoto. Kisha uso ule ukabadilika. Alimwendea Valérie pale alipokuwa akimnywesha Bibi Louise maji, akavua kofia. Alisema alimtukana. Alisema alitukana hata wazee wake, na kwamba hajui aliota nini siku ile, na kwamba amsamehe.

Valérie alisema imepita. Hakumtazama Henriette hata kidogo, na kule kutomtazama ndiko kulikomshinda Henriette.

"Papa Benny, usimwombe peke yako," alisema. "Ile buloni ni miye niliificha."

Sikuli aligeuka. Kofia ilikuwa bado mkononi.

"Weye?"

"Miye. Alhamisi. Mu bidoni ya mawese."

Alimtazama kama mtu anayetazama nyumba yake mwenyewe na kukuta ina mlango ambao hajawahi kuuona. Hakupiga kelele. Pengine alikuwa amechoka, pengine alikumbuka kelele za Ijumaa. Aliuliza kama alitaka auze gari. Henriette akatikisa kichwa. Aliuliza kama ni maneno ya Birere, kama alidhani kuna jambo kati yake na mama huyu. Henriette alitazama viatu vya bluu, akasema siku nyingine alidhani, siku nyingine hapana, lakini siyo hilo. Aliuliza kama ni lile pazia.

"Siyo pazia."

"Sasa ulikuwa unataka nini, Mama Benny? Sema. Watu karibu wafe huku. Ulikuwa unataka nini?"

Nyuma yao watu walikuwa wanaanza kupanda tena. Njia ya kaskazini ilikuwa imefungwa, hakuna aliyejua kwa miezi mingapi, na mama mnene wa Kalengera pengine naye alikuwa njiani mahali fulani na godoro kichwani. Henriette alijua hayo yote. Alijua kwamba neno lake limechelewa, tena ni dogo, na mahali penyewe si pa kulisemea. Alijifuta mikono kwenye kitenge, mkono ule mmoja bado una rangi ya mawese kwenye kucha.

"Nilikuwa nataka kukaa mbele," alisema. "Upande wa kioo, karibu na weye. Mchana. Tufike Kalengera, na miye nione."